Filimbi za Kadutu

Kwetu Kadutu, mwizi akionekana usiku
hakuna anayepiga simu.
Mama Nsimire anagonga sufuria,
jirani anamjibu kwa kifuniko,
filimbi inapokea, inapanda ngazi za udongo
hadi Nyamugo, hadi kusiko na mwizi,
na kila aliyeamka anatoka na kitu mkononi.

Ndivyo alivyonieleza daktari,
kijana mwenye tope viatuni kama mimi,
nilipomuuliza kaka yangu ana nini.
Alichora ini nyuma ya karatasi ya maabara.
Humu namo, alisema, mna kartie.
Mna walinzi kwenye vichochoro vya damu,
kazi yao kuonja kila kipitacho.
Kirusi kiliingia zamani, pengine siku ile ile aliyozaliwa,
kikajificha ndani ya nyumba za watu.
Walinzi wakagonga sufuria.

"Kila siku?"
"Kila siku. Miaka thelathini na minne."

Zihindula, mwana wa mama yangu,
mwashi asiyeijua ladha ya kasiksi,
mtaa ulikwisha kumhukumu:
wa kwanza alisema pombe,
wa pili alisema karuho, tena akamtaja
aliyemtilia, kwa jina na ukoo,
nami nikaacha kumsalimu mwanamke yule
wiki tatu nzima. Mungu anisamehe.

Kumbe ni kelele.
Mwizi mwenyewe hakubomoa sana.
Waliobomoa ni waliotoka kumsaka,
wakivunja milango ya wenye nyumba gizani.

Na kuna wengine, daktari alisema,
akachora nyota ndogo kati ya ukuta na mfereji:
seli za kimya, watunza ghala.
Wanahifadhi vitamini A katika matone ya mafuta,
kama mama aliyeficha chupa ya mawese,
hawamsumbui mtu.
Lakini filimbi ikilia usiku baada ya usiku
hata mtunza ghala huamka,
humwaga mafuta yake, hushika mwiko,
huanza kujenga.

Hapo nilicheka, nikashangaa sauti yangu.
Mjenzi wa hofu namjua.
Nimeiona Kadutu ikijengwa hivyo:
baada ya kila wizi, ukuta,
na kila ukuta umekula tofali moja la njia,
mpaka usiku ule nyumba ya Bahizire iliposhika moto
na gari la zimamoto likasimama barabarani chini,
limejaa maji,
halina pa kupita.

Ini la kaka yangu lina kuta nyingi.
Kovu juu ya kovu.
Damu itokayo utumboni inafika mlangoni, inagonga,
inarudi kutafuta njia za panya;
bandama limevimba, tumbo limejaa maji
yaliyokosa mto.
Na mikono iliyojenga nusu ya kuta za mtaa wetu
imelala juu ya shuka,
simenti bado imo kwenye kucha.

Husemwa neno kali hukata maini.
Sikujua kwamba ini nalo
hutia simenti palipokatwa.

Jana saa mbili usiku nilimpa kidonge cha kwanza,
baada ya uji wa mtama.
"Hiki kinamtoa mwizi?"
Hakimtoi. Kinamfunga mikono,
ili walinzi wapate kukaa chini.
"Na kuta je?"
Aliuliza kama fundi, kwa kudai bei.
Daktari hakuniahidi kitu. Alisema
kelele zikinyamaza, miaka si miezi,
nyuzi nyingine hulegea,
vichochoro vingine hufunguka.
Vingine ndiyo basi.

Usiku wa manane sufuria zikalia upande wa Cimpunda.
Niliinuka, kifuniko tayari mkononi,
mwiko wa ugali mkono wa pili.
Zihindula alikuwa amelala chali, mdomo wazi,
kiganja kimefunika ubavu wa kulia
kama mtu anayemziba mtoto masikio.

Nikakiweka kifuniko chini,
polepole,
kisilie.