Mafuta ya Veijo

Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
uwanja wa shabaha, nje kidogo ya Kajaani,
na bastola ya marehemu imegoma.
Risasi ya kwanza ilitoka; kitelezi
kikarudi nusu njia, kikasimama,
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.

Tuulikki anaipeleka kibandani,
mbali na jiko. Chuma kikipata joto kitatoka jasho,
na jasho, huko nje, ni barafu.
Anaifungua juu ya gazeti la Jumapili.

Mafuta yameganda humo ndani,
manene, rangi ya asali kuukuu.
Ni ya Veijo. Aliyatia Julai, bila kupima,
kwa mkono uleule uliozidisha siagi kwenye mkate,
wiki mbili kabla moyo haujamgomea.

Kitambaa kimelowa petroli.
Anakishika tu, kwa muda.
Kisha anafuta: reli, kifyatulio,
na kile kishimo kidogo
ambamo alama ya kidole ilikuwa imebaki,
au alidhani imebaki.

Chuma kikavu sasa.
Tone moja la mafuta mepesi, kwa ncha ya sindano, basi.
Na kwenye reli, unga wa penseli,
ile fupi yenye alama za meno
aliyojazia daftari lake la mashindano.

Nje, theluji inalia chini ya buti.
Tano mfululizo, hakuna kukwama.
Sita, nane, tisa, saba, nane.
Veijo angecheka mpaka akohoe.
Anayaandika, kwa kipande kilichosalia.