Saba Kwenda Nane

Kompyuta yangu kuukuu, kumbukumbu gigabaiti nne,
feni yake inakoroma kama mtu aliyeshiba wali wa Ijumaa.
Nje, Ibra ina joto la digrii arobaini na sita.
Ndani nachagua programu ya kuchorea saketi.

Ya kwanza ilitaka leseni, na anwani, na nambari ya kadi,
na gigabaiti thelathini za kulalia.
Mgeni wa namna hii
bibi yangu angempa kahawa mlangoni.

Ya pili nzuri mno. Waya zina rangi za pipi,
taa zinawaka na kuzima kwa adabu,
lango la mantiki ukiliweka linakaa.
Ya tatu kijivu, herufi ndogo kama chawa,
haina picha, ni mistari ya mawimbi tu;
aliyeiandika hakujali kama utampenda.

Kazi yenyewe si kubwa. Shangazi Shinuna ana zamu ya falaji,
athari moja, nusu saa ya maji,
na mwaka huu ameshagombana na jirani yake Muhanna mara mbili.
"Wewe si umesoma?" alinitumia sauti kwenye simu.
"Nitengenezee kitu cha kuhesabu zamu na kufungua lango,
kitu kisichokuwa na shemeji."

Nikachora kihesabio: seli nne,
kila moja ikimgusa mwenziwe bega, amka.
Kwenye ile nzuri, saba ikawa nane.
Nikajipigia makofi.

Kwenye ile kijivu nikaikuza mistari
hata sekunde ikapasuka vipande bilioni.
Saba ikawa sita.
Sita ikawa nne.
Nne ikawa sifuri.
Ndipo nane.
Na pale kwenye sita, kwa muda ambao kope haiujui,
lango la Muhanna lilifunguka.

Tone lisingepita, najua.
Lakini lilifunguka,
na ile nzuri ilikuwa ikinichekea tu.

Nimeifuta. Usiku nikazifunga seli zote
kwenye mpigo mmoja wa saa, ziamke pamoja,
na saba ikaenda nane
bila kukatiza uani kwa watu.

Asubuhi shangazi akauliza kama kitakuwa na taa.
Moja, nikamwambia.
Akanyamaza kidogo.
Basi iwe ya kijani.