Kuongeza Kumbukumbu

Kipande chenyewe hakizidi urefu wa kidole.
Kimekuja na basi kutoka Dar, kimefungwa kwenye gazeti,
kondakta kanikabidhi stendi ya Newala usiku
kwa mikono miwili, kama dawa ya mtoto.
Kumbukumbu mpya. Elfu arobaini na tano.
Nikasema: sasa mashine itaacha kugugumia
kila nikifungua orodha ya wakulima.

Nikafungua ubavu wake kwa bisibisi ya cherehani ya Somoe.
Nikapachika. Kikalia: ta.
Nikawasha.

Piii. Piii. Piii.
Kioo cheusi, weusi wa Shimo la Mungu usiku usio na mwezi,
unachungulia, hujui chini ni wapi.
Feni inazunguka, taa ya kijani inawaka,
vyote vizima isipokuwa mwenyewe.

Kumbe kuongezewa kumbukumbu ndiko kusahau?
Hata jina la kiwanda chako,
ulilokuwa ukilitaja kila asubuhi kabla ya salamu?

"Imekuwaje?" Somoe, kutoka chumbani.
"Inafikiri."
"Mbona kama inalia."

Nikampigia Bakiri Nangomwa, fundi, yuko Masasi.
"Inalia mara ngapi?" Tatu. "Ndefu, fupi?" Ndefu.
"Basi haiumwi, ina njaa. Haioni kumbukumbu.
Zima. Chomoa waya ukutani.
Bonyeza kitufe, kishikilie, umeme uliobaki utoke.
Toa zote mbili, mpya na ya zamani. Una kifutio?"
Kifutio?
"Cha mwanafunzi. Yasugue yale meno yake ya dhahabu
taratibu, usiyashike kwa mkono wenye jasho,
halafu rudisha ile ya—"
Salio likakata.

Kwenye mkoba wa Likumbo, darasa la nne,
nikakuta kifutio kimetafunwa nusu.
Nikasugua.
Vumbi la huku halibishi hodi, huingia mpaka kwenye chumvi iliyofunikwa;
likatoka kwenye meno rangi ya ugoro.

Nikarudisha ya zamani, peke yake. Piii. Piii. Piii.
Saa sita usiku. Asubuhi mnada,
na kilo za watu mia mbili na kumi na saba zimo humo ndani:
Bibi Nantende na magunia yake matatu,
na Chingwile, anayenitangaza sokoni kwamba nimempunja,
nami nikamwapia mbele za watu: njoo Jumatatu, mashine haisemi uongo.

Nikahamishia tundu la pili.
Pi. Moja, fupi, mtu anaguna usingizini.
Herufi nyeupe zikapanda kiooni.

Sasa ile betri yake ndogo, mfano wa sarafu,
nadhani niliitingisha kwa kiwiko.
Saa imepotea. Mashine imeamka ikiamini
leo ni tarehe mosi Januari, elfu mbili na tisa.
Thibitisha?

Sikuthibitisha upesi.
Mwaka ule sikudaiwa na mtu, wala hakuna aliyeniita karani.
Nikabonyeza mshale wa juu.
Kumi: ubwiriunga, mikorosho imejipaka majivu.
Kumi na moja: bati.
Kumi na mbili, kumi na tatu, kidole kikapita mbio.
Kumi na nne: Likumbo, kilo mbili na nusu.
Kumi na saba: mama.
Hapo nikasimama. Mashine haikuniharakisha.
Kisha nikaendelea mmoja mmoja mpaka huu wetu.

Ile mpya nimeirudisha kwenye gazeti lake.

Orodha ikafunguka, ikigugumia kama kawaida yake.
Nikashuka hadi kwenye C.
Chingwile, Hamza: mia moja arobaini na mbili.
Stakabadhi niliyomwandikia kwa mkono wangu
inasema mia na ishirini na nane.

Nikaisoma tena.
"Imekumbuka?" akauliza Somoe, nusu usingizini.
Nikatafuta karatasi ya kuchapia.