Mlango wa Kijani, Jumanne

Karatasi ya anwani niliitunza miezi minne
ndani ya kiatu cha kazini, chini ya soli,
pale ambapo mke wangu hapekui
na mimi mwenyewe naikanyaga kila hatua.
Daktari aliandika mbiombio: jumba la maktaba,
Tarnów, nyuma ya kituo cha treni, saa moja jioni.
Siku ilifutwa na jasho.

Mimi ni fundi wa lifti.
Miaka ishirini na miwili napanda na kushuka.
Juu ya paa la kila lifti nilikuwa na chupa,
gizani, kati ya kamba za chuma na grisi;
wapangaji na watoto wao wa shule
walisafiri chini ya vodka yangu
wakisoma tangazo la uzito wa mwisho.

Alhamisi, theluji ikiwa magotini, nikaenda.
Nikafungua mlango wa kwanza wenye taa.
Viti vimepangwa nusu duara. Nikasema moyoni, ndio hawa.
Mtu akanipa karatasi. Akauliza, "Besi?"
Nikajibu ndiyo.
Siku zile ningemjibu ndiyo hata mnyongaji.

Ilikuwa kwaya.
Nusu ya pili ya Kwaresima niliiimba yote,
nikizipapasa noti kama anayetafuta swichi
katika nyumba ya watu.
Niliona aibu kuuliza, nikaona aibu kuondoka;
aibu mbili zikanikalisha katikati kama polisi.

Tukivaa makoti, Bi Domicela
akanishika kifundo cha mkono, akakisikiliza
jinsi kinavyotetemeka.
"Mwanangu, unaowatafuta wako chini.
Jumanne. Mlango wa kijani, ngazi kumi na moja.
Marehemu wangu alikaa huko miaka kumi na tisa.
Na besi yako mbovu, lakini Alhamisi uje."

Jumanne nilizihesabu. Kumi na moja kweli.
Hakuna lifti.
Chini kulinuka ndimu na makoti mabichi,
bomba la joto likikohoa ukutani.
Watu tisa: dereva wa gari la kusukuma theluji,
mwalimu wa fizikia, msichana mwenye sare ya duka la dawa,
na Gerwazy, mchonga mawe ya makaburi,
anayegawa chai.
Wote aliwajazia glasi hadi ukingoni.
Mimi, nusu.
Nikadhani ubahili.
Kumbe anaijua mikono.

Sikusema kitu wiki ile, wala ya pili.
Ya tatu nikasema jina langu, Ludwik,
na lile neno jingine,
likatoka kama jino: damu kidogo,
kisha ulimi ukarudi pengoni, ukarudi, wiki nzima.

Sitadanganya. Nilianguka.
Harusi ya binamu, Jumamosi, mchana kweupe.
Jumanne nilikaa karibu na mlango,
koti mwilini, hotuba zao nikizisubiri.
Mwalimu wa fizikia akavuta kiti chake,
miguu ya chuma ikalia sakafuni,
akakaa kando yangu.
Hotuba ilikuwa hiyo.

Mwezi Machi nikawaambia: "Bado iko moja.
Jengo namba kumi na nne."
Gerwazy akaweka birika chini.
"Funguo unazo?"

Tuliisimamisha lifti ghorofa ya sita.
Nikapanda juu ya paa lake. Ilikuwepo,
nzima, imejifunika vumbi kama mgonjwa.
Sikuifungua. Siwezi kusema sikuitikisa.
Nikamshushia, naye akaipokea kwa mikono ile
inayopokea majina ya wafu kila asubuhi,
akaitia kwapani, kimya.

Milango ikafunguka.
Mama mwenye kapu la viazi
akatutazama, akaitazama chupa.
"Mnapanda au mnashuka?"
Gerwazy akageuka kwangu, akangoja.

"Tunashuka," nikasema. "Ingia. Nafasi ipo."