Saa Kumi na Tatu

Faili lilikuwa moja.
Mistari elfu tisa na ushei, nimeliandika peke yangu
chumba cha nyuma, ofisi ya bili za maji, Wete.
Nikijisifu kila mstari naujua kwa sura
kama mwalimu wa chuoni anavyowajua watoro.

Siku niliyobadili rangi ya kitufe,
buluu kuwa kijani, basi, hilo tu,
bili ya msikiti ikapanda mara kumi.
Imamu hakugomba. Alikuja na karatasi kaikunja mara nne,
akauliza taratibu: "Tumetawadha bahari?"

Ndipo wakaniletea Zuwena,
miaka ishirini na mitatu, katoka Chake na laptopu yenye ufa.
Alisoma nusu saa, kimya. Kisha:
"Kaka Shaame, hii nyumba
ukitaka kubadili kitasa sharti ubomoe choo."

Akanifundisha vijenzi.
Kimoja kihesabu yuniti, bei kisiijue.
Kimoja kijue bei, mteja kisimjue.
Kimoja kichape risiti, na kikiulizwa habari za mita
kinyamaze kama bubu wa makusudi.
Kila kimoja na mlango wake: hiki natoa, hiki napokea.
Ndani usichungulie.

Hapo pakanishinda.
Redio ya baba niliifungua nikiwa na miaka saba,
haikusema tena mpaka anazikwa.
Zuwena kaniletea kijenzi cha tarehe, kimeandikwa na mtu
nisiyemjua hata jina, wa nchi ya theluji labda,
nami usiku nikakipasua, nikasoma utumbo wake hadi adhana.
"Umekuta nini huko?"
"Kinafanya kazi."
"Alhamdulillahi. Nilikwambia jana."

Jumapili, nyumbani Kiungoni, dada Mkasi ana oda ya mkeka.
Ukili umetoka nyumba tatu.
Sindano mdomoni, anapima upana kwa vidole:
vinne, vinne, vitano.
Ule wa vitano akaukunja, akamwita mtoto: "Mrudishie."
Hakuuliza umesukwaje, wala hakuufumua.
Nikamwambia, huoni haya, kazi ya mwenzio?
"Mie nashona pindo," akasema. "Kusuka kwake, kwake."
Nikaenda zangu jikoni nikanywa maji,
ambayo, nikumbuke, bili yake sijalipa.

Wiki tatu nimelikata lile faili.
Sehemu ya faini za wachelewaji ilikataa kukatika,
ingalimo, fundo vilevile,
Zuwena huipita akitazama pembeni.

Kisha Bi Bahati akapiga risiti kwenye kaunta.
"Saa kumi na tatu ndiyo saa gani?
Mimi nimelipa saa saba. Saa hii haipo."

Yule wa theluji hakukosea.
Saa zake huanza kuhesabiwa watu wamelala,
zetu jua likishatoka.
Zamani ningempasua tumbo nimchokonoe.
Safari hii nilikaa nikaandika changu, mistari kumi na moja:
unakipa saa yao, kinakurudishia yetu
na neno lake, asubuhi, mchana, jioni, usiku.
Magharibi ya kwanza kikajibu, "saa sifuri jioni."
Zuwena alicheka mpaka akakaa chini.
Nikarekebisha. Nikafunga mlango.

Jana kaniambia yuko kijana Makunduchi,
anatengeneza programu ya kliniki, amekichukua.
Kauliza kinapokea nini, kinatoa nini.
Ndani hakuuliza.

Nimelala vibaya.
Kulipokucha nikawaza: huko kuna mama
kaandikiwa aje leo saa tatu asubuhi,
naye anajifunga kanga ya pili,
anatoka, na saa tatu ndiyo saa tatu.