Mshono

Bawa lilikuwa kitambaa. Hilo watu hawaliamini.
Kitani, kimepakwa dawa yenye harufu ya ndizi mbivu,
kikakazwa hata ukikigonga kinalia kama ngoma.
Mwiba wa mgunga ulilichana ndege ilipotua,
kule nje ya mji, ng'ambo ya reli.

Wakatafuta fundi. Wakampata Pumwani:
babu Feruzi, mshona kanzu.
Alikuja na sindano tatu ukosini, na nta.

Rubani akamkunjulia ramani. Hapa Nairobi,
halafu jangwa, halafu maji, halafu maji tena,
hadi dunia iishe, irudi ilikoanzia.
Babu hakuuliza habari za dunia.
Aliuliza, "Upepo unavuta upande gani?"

Akapiga magoti juu ya gunia, akashona.
Mishono arobaini na mmoja.
Wa mwisho akaufunga kwa fundo la ndani,
lile ambalo mteja halioni.

Shilingi mbili. Vumbi.
Watoto wakakifukuza kivuli, kivuli kikawashinda.

Miezi ikapita. Gazeti likaja limefungiwa sukari:
ndege imeizunguka dunia, imefika salama.
Babu akamimina sukari kikombeni,
akalinyoosha gazeti kwa pasi ya makaa,
akaitazama picha kwa karibu.
Bawa lake lilikuwa limekatwa na ukingo.

"Dunia kubwa, Feruzi," jirani akasema.
Akajibu bila kuinua macho:
"Kwangu mimi ilikuwa pima mbili za uzi,
na nta kidogo."