Wati Tano

Mimi ni mtu wa mizani.
Kila alfajiri, kiwandani Igogo,
napima minofu ya sangara iendayo kwa watu nisiowajua,
na kiganja changu kinaijua gramu hamsini hata gizani.
Kwa hiyo msinicheke nikisema
jambo hili nimelipima miezi minne.

Laki moja na themanini, ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Huku: amplifaya,
maana gitaa langu bila hiyo linanong'ona
kama mgonjwa aombaye maji.
Huku: programu ya kuchorea mabango,
ile ya wakubwa, ilipiwayo kwa dola kila mwezi;
ukikosa mwezi mmoja inafunga mlango
na kazi zako zimo ndani.
Hata mwenye nyumba wangu hana roho hiyo.
Yeye hugonga kwanza.

Bwire wa steshenari akanivuta kando:
"Dada, ninayo kwenye flashi, kufuli nimeshavunja. Elfu tano."
Ikafunguka. Ikameremeta.
Siku ya tatu kompyuta ikaanza kujiandikia yenyewe,
na picha zote za ubatizo wa Masalu zikaenda na maji.

Rahisi huvunja upishi, mama alisema.
Lakini hakuniambia kuna rahisi na kuna bure,
tena kuna bure ya kuiba
na kuna bure ya kupewa.

Ya kupewa nilionyeshwa na Nkwimba, mwalimu wa kompyuta Nyakato.
Wameitengeneza watu wasiojuana, usiku, baada ya kazi zao,
na inaonekana hivyo:
ina sura ya daftari la ushuru,
vitufe vimejificha kama panya wa ghalani.
Kupinda mstari mmoja tu, nilikesha.

Sasa sikilizeni. Bendi yetu inaitwa Ng'ombe Watatu
(mimi, Malimi wa besi, Lugembe wa ndoo),
na kila bango tulilowahi kuchapishiwa mjini
lilikuwa na kile kialama cha ng' miguu juu, kichwa chini.
"Nani ataona?" alisema Bwire.
Mimi nimeona.
Nikaikuza herufi mpaka ikajaa kioo kizima,
nikakishika kialama pembeni
nikakigeuza, taratibu,
kama unavyomgeuza mtoto asiamke.
Ng'.
Kopo halijapungua hata senti.

Jumamosi, Mlango Mmoja, katikati ya mapazia ya mitumba,
fundi Magesa akaniwashia dude la wati mia.
Kuku wa jirani walitawanyika.
"Laki mbili na nusu. Ya mwisho. Ya mwisho kabisa."
Nikauliza, wati tano huna?
Akanitazama kama nimeomba nusu ya yai.

Lakini chumba changu kiko Mabatini, juu kwenye mawe.
Ukuta mmoja ni mwamba wenyewe,
mwingine ni wa Kokushubira, muuguzi, zamu za usiku.
Wati mia ni za mtu asiye na jirani.

Akalitoa chini ya meza, kitambaa kimechanika mdomoni:
elfu tisini na tano, na waya juu.
Nikalibeba begani kupanda ngazi za mawe,
na uzito wake niliujua kabla sijalitua:
kilo nne na robo.

Jumapili nikaliwasha.
Kwanza likachachatika kama dagaa kwenye mafuta,
kisha likavuma, kisha likanyamaza, likisubiri.
Nikapiga. Mwamba ukanirudishia,
mnene kuliko nilivyoutumia.

Hodi.
Kokushubira, kanga kifuani, jicho moja bado limelala.
Nikaanza kuomba radhi.
"Ile ya kwanza," alisema, "iache.
Hiyo ya pili, hebu irudie."

Nikapeleka kitufe kutoka mbili
hadi mbili na nusu.